Maji, Upepo na Ghala Lililojaa

Tulimzika Mhandisi Komora mwaka huu, kijijini kwao, mtoni chini ya Kulesa. Nilikuwa bado nakung'uta mchanga kwenye kiatu niliposikia mwanamume mmoja nyuma yangu akimwambia mwenzake, "Huyu ndiye aliyetumwagia mahindi." Hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu anavyomtambulisha marehemu kwa mgeni: fulani alikuwa fundi cherehani, fulani alikuwa na ng'ombe wengi, na huyu alitumwagia mahindi. Nilihisi uso ukiniwaka. Nina hasira za karibu, sikatai, na umri haukuzipunguza. Nilitaka kugeuka nimpashe mbele ya kaburi bichi. Sikugeuka. Nilikuwa nimeahidi kunyamaza, na aliyenitaka ahadi hiyo ndiye huyo huyo tuliyekuwa tunamfukia. Nimerudi Mombasa nikakaa na jambo hili, likinikereketa kooni kama mwiba wa samaki. Ghala alilolijenga kijijini lilishabomolewa, jingine kubwa zaidi limejengwa mahali pengine, na sasa yeye hayupo. Sioni tena ninayemlinda kwa kunyamaza. Kwa hiyo nitaueleza mwaka ule nilioukaa Garsen, mwishoni mwa miaka ya tisini, mwaka wa mvua ambayo redio iliipa jina la kigeni.

Nilifika nikiwa nimetoka chuo kikuu juzi tu, msichana mwenye cheti kipya na maneno mengi. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mabati na misumari, chenye dirisha moja lililotazama ua wa mbuzi. Humo mlikuwa na meza mbili, kabati la michoro, na kompyuta ambayo asubuhi niliivua kanga niliyoifunika kuikinga na vumbi na jioni nikaivisha tena. Jenereta ilinguruma nje ya ukuta kutwa nzima, na mafuta yakiisha ghafla kazi ya mchana wote ilipotea, nami nikatoka nje kuwatukana mbuzi. Mkuu wangu, Mhandisi Komora, alikuwa mtu wa makamo, mrefu, msema polepole. Alikuwa amezaliwa kijiji hicho nilichokitaja, akasoma, akafanya kazi Nairobi miaka mingi, kisha akarudi kwao kusimamia majengo ya shirika moja la misaada. Aliniita Zuhura tangu siku ya kwanza, bila "binti" wala "msichana", na nilimpenda kwa hilo. Majengo yenyewe yalikuwa maghala ya kuinuliwa: nguzo ndefu za zege, juu yake sakafu, juu ya sakafu kuta na paa la mabati, ili mto ukifurika chakula cha watu kisilowe na wenyewe wapate pa kupanda. La kwanza lilikuwa limekamilika kijijini kwao. La pili lingejengwa Kilelengwani kwa mchoro ule ule, na nilipewa kazi ya kupitia hesabu zake.

Kwa asiyeijua kazi hii, nieleze kidogo. Programu tuliyotumia ilitaka kwanza uichoree mifupa ya jengo, nguzo na mihimili yake. Kisha unaipa mizigo, kila mmoja peke yake, kama kwamba mingine haipo duniani: uzito wa jengo lenyewe, uzito wa watu na magunia, nguvu ya upepo, na kwetu sisi, msukumo wa maji ya mto pamoja na magogo yanayokuja nayo. Peke yake kila mzigo ni mpole. Hakuna hata mmoja uliolitisha ghala lile. Kazi yenyewe huanza unapoiambia mashine ni mizigo ipi ije pamoja, na kila mmoja uzidishwe kiasi gani kwa tahadhari. Hata wepesi una hatari yake, maana jengo tupu likipigwa ubavuni hutaka kupinduka, kwa hiyo kuna michanganyiko ambayo humo unaupunguza uzito badala ya kuuongeza. Mashine haikuulizi umewaza nini. Usipoiambia kwamba mambo fulani yanaweza kukutana, itakupa majibu mazuri kabisa, na kila nguzo itapita. Nimefanya kazi hii miaka mingi tangu hapo na bado majibu mazuri hunifanya niende kunywa maji kwanza kabla ya kuyaamini.

Nilipofungua hesabu za ghala la kwanza nilikuta mchanganyiko wa ghala lililojaa pamoja na upepo, na mwingine wa mafuriko pamoja na upepo, ghala likiwa tupu. Wa mafuriko na ghala lililojaa haukuwapo. Nilimuuliza.

"Hapa tunalima maji yakishuka, Zuhura," alinijibu, bila kuinua macho kwenye mchoro wake. "Mto ukiondoka tunapanda kwenye tope, tunavuna, tunaweka ghalani. Mto unaporudi, mahindi yameshaliwa. Mtu wa Nairobi angejumlisha vyote kwa sababu kitabu kimemwambia, akajenga nguzo nene za bure."

Aliyasema hayo kwa fahari kidogo, nami nikaridhika. Leo nikikumbuka nabaki nashika tama. Mgeni asingelifanya kosa lile. Mgeni angeogopa, angejumlisha kila kitu, angelala usingizi wake. Lilihitaji mtu aliyezaliwa pale, anayejua mwezi wa kupanda na mwezi wa kuvuna kama anavyojua jina la mama yake, ndipo liweze kufanyika.

Nilipanga chumba kwa Bi Mwanaamina, mjane wa Kipini aliyehamia Garsen kuuza chakula. Ukuta wa chumba changu ulikuwa wa udongo mpaka usawa wa kifua, na kutoka hapo kwenda juu ni majamvi, kwa hiyo nililala na kila neno lililosemwa ukumbini. Alinipikia wali wa nazi na kambare wa mtoni kwa mchuzi wa ukwaju, na asubuhi chai ya maziwa ya Waorma wafugaji yenye harufu ya moshi wa kibuyu. "Kula, mwanangu, wali hautizamwi," alikuwa akiniambia nikizama mawazoni. Kisha mwezi mmoja mazungumzo ya ukumbini yalibadilika. Wafugaji walianza kupitisha ng'ombe wao kuelekea miinukoni, na Garsen hata tone halijadondoka. Wakiulizwa, walisema tu kwamba huko juu mto umeshakuwa mbaya. Wasafiri wa Hola walieleza juu ya maji yaliyogeuka rangi, na mizoga iliyopita ikielea. Watu walikula kimya zaidi. Nilianza kuona kwamba wauza duka walikuwa wakiinua bidhaa zao rafu moja juu, kila mmoja kwa siri yake, kama wanaona haya kuogopa.

Mchana mmoja nilikuwa nimejilaza na homa ndogo. Nilimsikia Bi Mwanaamina ukumbini na mama mmoja wa Kipokomo, mkazi wa kijiji cha Komora, aliyekuja kuuza ndizi.

"Mai haya yakiya yatatwaa kila kitu," alisema Bi Mwanaamina, kwa lugha ya kwao Kipini.

"Sisi hatuna wasiwasi sana," alisema yule mama. "Mtoto wetu Komora ametujengea ile ghala. Maji ikija, sisi wote tunapandisha kila kitu huko. Mahindi ya kwa uchaga, mbuzi, milango, hata ile mashine ya kusaga."

"Na nyinyi wenyewe?"

"Sisi juu ya magunia. Iko nafasi."

Wakacheka, wakaendelea na bei ya ndizi. Mimi nilibaki nimekodoa macho kwenye makuti ya paa. Mahindi yaliyokuwa ghalani kweli yalikuwa yameliwa, Komora hakukosea. Lakini mavuno yalikuwa mazuri mwaka ule na kila nyumba ilikuwa na akiba yake kwenye uchaga juu ya jiko, na siku mto utakapokuja akiba hizo zote zingepanda ngazi moja kwa pamoja. Ghala lingejaa kwa sababu ya mafuriko yenyewe. Homa ilinitoka, au niliisahau. Nilijitupia mtandio nikaenda ofisini.

Niliunda mchanganyiko ambao haukuwapo: jengo lenyewe, magunia, watu, maji, upepo. Mashine ya miaka ile ilikuwa nzito. Unaipa swali kisha unakaa unatazama alama ndogo ikipepesa kwenye kioo cheusi. Printa ilipoanza kukereza karatasi nilisimama juu yake. Nguzo mbili za pembeni, upande maji yanakotokea, zilikuwa zimeshindwa, tena vibaya. Nikaondoa magunia nikawaacha watu. Zikapita kwa shida. Mhandisi aliporudi nilimpa karatasi, naye akazisoma akiwa bado amesimama mlangoni.

"Rudia," alisema.

Nilirudia. Majibu yakawa yale yale. Alikaa, akaagiza chai, na chai ilipoletwa hakuigusa.

"Tukiweka vyuma vya mshazari kati ya nguzo?"

"Zitasimama," nikasema. "Lakini vyuma viko Mombasa."

Sote tulikuwa tumesikia asubuhi ile kwamba barabara imekatika. Nilikuwa nimezoea kumwona mtu mzima wa kuaminika, na mchana ule kwa mara ya kwanza nilimwona ana hofu, na hofu yake ilinishika na mimi. Nguzo zile zilibeba kijiji alikozaliwa.

"Watu peke yao wanapita?" aliuliza.

"Wanapita, Mhandisi. Kwa shida."

"Basi watapanda watu peke yao."

Tulikwenda kwa mtumbwi, tukichelewa kuliko tulivyotaka, kwa sababu mto ulikuwa umeshaingia mashambani na mwenye mtumbwi aliogopa mamba. Tulipofika, maji yalikuwa magotini chini ya ghala na nusu ya kijiji ilikuwa juu. Ndani hapakuwa na pa kuweka mguu. Magunia yalikuwa yamepangwa mpaka karibu na mabati, juu yake wamekaa watoto, katikati ile mashine ya kusaga waliyoipandisha Mungu anajua vipi. Komora alisimama juu ya ngazi akawaambia kwa Kipokomo, kisha akarudia kwa Kiswahili kwa ajili ya waliotoka kwingine, kwamba jengo halitabeba vyote, na mizigo lazima ishuke. Hakuna aliyegusa gunia. Walimtazama kama mtu aliyepatwa na wazimu, na kusema kweli, mtu anayekuambia utupe chakula siku ya mafuriko ataonekanaje?

"Wewe si ndiye ulijenga?" aliuliza mmoja.

"Ndiye mimi."

"Ulituambia ni ya mahindi."

"Nilikosea," Komora alisema. "Shusheni, nawaomba."

Alianza yeye mwenyewe. Aliliburura gunia la kwanza mpaka mlangoni akalisukuma, likaanguka majini. Kilio kilichotoka kwa wale kina mama bado nakisikia. Nilimsaidia kwa mikono miwili, na vijana kadhaa, sijui kwa kumwonea huruma au kwa kumwogopa, wakajiunga. Shangazi yake Komora, Mama Rebeka, alikuwa anapanda ngazi na gunia kichwani alipokutana naye uso kwa uso. Huyu ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki. "Komora, haya ni ya watoto," alimwambia kwa sauti ya kawaida kabisa. Komora alilitua kichwani kwake taratibu, kama anamsaidia, akalitupa. Mama Rebeka alipanda akampita bila kumtazama. Na palikuwa na Mzee Maro, mzee mwenye nyumba ya karibu na mtaro, ambaye alikuwa chini bado. Aliposikia kwamba jengo halibebi vyote, alisema halitabeba chochote, akageuka akarudi kwenye paa la nyumba yake. Tulimwita sana. Maji yalipanda alasiri hiyo, na nyumba yake hatukuiona tena wala yeye hatukumwona.

Upepo ulikuja siku iliyofuata, mchana kweupe. Mpaka hapo nilikuwa nimejiambia kwamba labda hautakuja, kwamba hesabu ni hesabu tu. Mto ulikuwa umefika karibu na sakafu, mwekundu, mzito, ukibeba migomba na vipande vya mapaa, na gogo likigonga nguzo ulilisikia kwa nyayo kabla ya masikio. Upepo ulipoegemea ukuta, sakafu ilisogea. Si sana. Kiasi cha mtu aliyekaa kushika mkono wa jirani. Nilimtafuta Komora kwa macho nikamwona amekaa pembeni, usawa wa moja ya nguzo zile mbili zilizoshindwa kwenye hesabu, kiganja kimelala sakafuni, midomo inacheza. Sikuwahi kuogopa vile kabla wala baada. Niliwaona watoto, nikaona magunia ambayo yangekuwa chini yao, na nikajua mimi na yeye peke yetu mle ndani ndio tunaoelewa tulipo. Wengine walikuwa wanalilia mahindi.

Jengo lilisimama. Mashua za msaada zilipokuja zilitukuta wote wazima, wenye njaa, na Komora hana mtu anayemsemesha. Na njaa haikuishia hapo. Kwa wiki nyingi baadaye watu walipanga foleni ya unga wa msaada wakikumbuka mahindi yao wenyewe yaliyokwenda na mto, na ghala limesimama pale pale, zima, wazi, kila mtu analiona. Kwao hesabu ilikuwa rahisi. Alisema litaanguka, halikuanguka. Wapo waliosema alikula njama na wenye msaada. Nilichukia. Nilitaka kuwapeleka ile karatasi ya printa niwasomee nguzo kwa nguzo.

Maji yalipokauka tulirudi kukagua, mimi na yeye tu. Nguzo za pembeni zilikuwa zimevaa tope gumu mpaka juu. Alianza kulibandua kwa mwiko, na pale nguzo inapokutana na mhimili, zege likabanduka nalo. Chini yake palikuwa na ufa wa mshazari unaoingia kidole, na nondo zimechungulia nje, zimepinda. Nguzo ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Nilikaa chini kwenye tope.

"Tuwaite waje waone," nilisema. "Sasa hivi, Mhandisi. Wote."

"Hapana."

"Wanakuita mwizi wa mahindi."

"Wacha waniite." Alikuwa anaurudishia ufa tope kwa kiganja, taratibu. "Maro alisikia tu neno langu, akarudi kwenye paa lake. Hawa wakiuona huu kwa macho, mto ukirudi nani atapanda? Watabaki chini wote."

"Na jina lako?"

"Zuhura, kosa lilikuwa langu kabla halijawa la mtu yeyote. Niahidi hutasema."

Nilimwambia si haki, nikalia kwa hasira, kisha nikaahidi. Barabara ilipofunguka vyuma vilikuja. Tuliliegemeza jengo kwa magogo, tukazivisha nguzo zile chuma na zege jipya, tukaweka mishazari kila upande. Waliouliza aliwaambia kwamba vyuma hivyo vilikuwa kwenye mchoro tangu mwanzo, vilichelewa njiani. Ofisini niliendesha michanganyiko yote niliyoweza kuiwaza, ukiwamo ule wa kila kitu kwa pamoja, mara mbili, na nguzo zote zikapita. Nilikwenda kunywa maji, nikarudi, nikaendesha tena.

Mto ulirudi na mvua za masika, kabla mwaka wangu wa Garsen haujaisha. Safari hii tuliwahi. Komora alisimama chini ya ngazi, maji yakimfika vifundoni, na kijiji kizima kilikuja, hakuna aliyebaki nyuma. Walikuja na kidogo walichokuwa wamevuna upya. Mama Rebeka alikuwa miongoni mwa wa kwanza, gunia kichwani. Alipomfikia alisimama, akangoja, macho ameyapeleka pembeni, shingo imekakamaa kama mtu anayejiandaa kupigwa. Komora alilipokea gunia akaliweka begani mwake mwenyewe, akaanza kupanda.

Mama Rebeka alimwangalia akipanda. Watu waliokuwa nyuma yake walisogea wasikie.

"Kumbe leo hayana uzito?" alimuuliza.

"Leo hayana, Shangazi."

Walicheka wote, kicheko kirefu cha watu waliomshika mtu kwenye uongo wake. Komora naye alicheka. Aliliweka gunia ndani, akashuka, akanyoosha mikono kupokea la pili.